Kabla Uite Gari Skrapu, Uliza Klachi Historia Yake

Wasee, naandika hii nikiwa bado na grisi ndani ya kucha.

Babu alituacha mwaka jana. Kati ya vitu alivyoacha ni Volkswagen Beetle ya 1968, rangi ya maziwa iliyopauka, aliyoiendesha mpaka miguu ikakataa. Mwezi uliopita anko wangu alikuwa ameshapatana bei na jamaa wa skrapu. Gari ingebebwa, ikatwekatwe, iuzwe kwa kilo. Sababu? Fundi mmoja aliiangalia dakika tano akasema injini imekufa. Ukiipandisha mlima inanguruma kama ndege, lakini haiendi.

Nikaomba wiki mbili. Anko akaniangalia juu mpaka chini. "Chuo kilikushinda, sasa ni gari utaweza?"

Manze, hiyo iliingia. Sikuwa na jibu. Nikaenda kumtafuta mzee wa gereji ambaye babu alikuwa akimpelekea gari miaka yote. Amepita miaka sabini. Nilipomweleza habari ya injini kufa, akaniuliza, "Nani amekuambia ni injini, kijana? Kitu kilichokufa hakingurumi."

Niseme ukweli, shuleni nilichukia historia. Kwangu ilikuwa miaka ya kukariri ili upite mtihani. Hizi wiki mbili zimenifundisha kwamba historia ni spana. Usipokuwa nayo, unaweza kupoteza pesa, na unaweza kupoteza mapafu. Nitaeleza.

Anza na swali rahisi: kwa nini gari ina klachi? Treni ya mvuke inaweza kuanza kuvuta ikiwa imesimama tuli, kwa sababu mvuke unasukuma hata kabla magurudumu hayajazunguka. Injini ya petroli haiwezi. Lazima iwe inazunguka tayari ndio itoe nguvu. Sasa utaiunganishaje na magurudumu yaliyosimama bila kuizima? Karl Benz, kwa gari lake la 1886 kule Ujerumani, alitumia mkanda unaosogezwa kutoka puli inayozunguka bure hadi puli inayovuta. Waliofuata wakatumia koni mbili zinazoingiana, moja imevikwa ngozi. Ngozi ikilowa oili inateleza, ikikauka inashika ghafla na gari inaruka. Mwishowe watu wakatulia na pleti: sahani iliyovikwa kitu kigumu cha msuguano, inayobanwa na springi dhidi ya flaiwili ya injini. Ukikanyaga pedeli, pleti inaachiliwa. Ukitoa mguu, inabanwa.

Shika hiyo sentensi ya mwisho. Ndiyo iliyookoa gari ya babu.

Sasa Beetle yenyewe. Kiwanda chake kilianzishwa 1938 chini ya serikali ya Hitler, kutengeneza gari lililobuniwa na Ferdinand Porsche. Vita vilipoisha 1945, afisa wa jeshi la Uingereza, Meja Ivan Hirst, alisimamia kiwanda hicho kilichokuwa kimepigwa mabomu mpaka kikaanza tena kutoa magari. Ya mwisho ilitoka Puebla, Mexico, Julai 2003, na kufikia hapo zilikuwa zimetengenezwa zaidi ya milioni 21.

Huku kwetu ilijijengea jina kwa matope. Safari Rally ilianza 1953 ikiitwa Coronation Safari, kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, ikipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Beetle ilishinda 1954, ikashinda 1957, ikashinda tena 1962. Injini iko nyuma, juu ya magurudumu yanayosukuma, kwa hivyo yanashika ardhi. Inapozwa kwa hewa, hakuna rejeta ya kuvuja. Na klachi yake haina pampu wala mafuta: ni waya mmoja wa chuma kutoka kwa pedeli, unapita katikati ya gari mpaka giaboksi huko nyuma. Mwisho wa waya kuna nati yenye masikio, unaweza kuikaza kwa vidole.

Hiyo nati ni baraka, na ni shida pia, kwa sababu mtu yeyote anaweza kuikaza.

Mzee alikuja nyumbani na boda. Hakufungua kitu. Aliniambia niwashe, nivute hendibreki, niweke gia ya tatu, halafu niachilie klachi polepole nikiongeza mafuta kidogo. Klachi ikiwa sawa, injini inazima hapo hapo. Yetu haikuzima. Ilinguruma tu, na harufu ya kuungua ikaja. "Umeona? Injini iko na nguvu. Nguvu inapotea njiani." Akanionya nisirudie hilo jaribio ovyo, maana kila mara unachoma pleti.

Halafu akabonyeza pedeli kwa mkono. Inafaa iende milimita 10 hadi 20 bure kabla ianze kuwa nzito. Yetu ilikuwa nzito tangu mwanzo. Pleti ikiendelea kuisha, ile nafasi hupungua yenyewe, na juu ya hiyo mtu alikuwa ameona klachi inateleza akadhani akikaza nati itashika zaidi. Kumbe ni kinyume! Waya ukikazwa sana ni kama mguu umewekwa juu ya pedeli saa zote. Beringi inasukuma, springi haibani, pleti inateleza na kujichoma. Dawa aliyopewa ndiyo ilizidisha ugonjwa.

Tulilegeza nati, gari ikapata nguvu kiasi. Lakini mlimani bado iliteleza, na ikiondoka ilitetemeka mwili mzima. Tukaivuta mpaka gereji ya mzee. Injini ya Beetle imeshikwa kwa giaboksi na bolti nne tu. Tukatoa waya wa betri, tukaziba paipu ya petroli, tukafungua nyaya zote, tukaweka jeki, na kabla ya chakula cha mchana injini ilikuwa chini.

Ndani kulikuwa na vumbi la kijivu kila mahali. Nikachukua paipu ya kompresa nipulize, vile nimeona vijana wa gereji wakifanya maisha yangu yote. Mzee alinipigia kelele ambayo sikutarajia kutoka kwa mtu wa umri wake.

Pleti nyingi za zamani zilivikwa asbesto. Ni madini yanayosokotwa kama uzi na hayashiki moto. Mapema karne ya 20, kampuni kama Ferodo ya Herbert Frood kule Uingereza ziliigeuza kuwa kitambaa cha breki na klachi, na magari ya dunia nzima yakafuata. Mwaka 1924 alikufa Nellie Kershaw, mwanamke aliyekuwa akisokota asbesto kiwandani Rochdale, Uingereza. Uchunguzi ulionyesha ni hiyo asbesto iliyoharibu mapafu yake. Uingereza ilikuja kuipiga marufuku kabisa 1999. Hesabu mwenyewe: miaka 75. Nyuzi zake ni ndogo kuliko jicho linavyoweza kuona, na saratani yake inaweza kujitokeza miaka 20, 30 au 40 baada ya kuzivuta.

Mzee hajawahi kusikia jina la Nellie Kershaw. Anachokumbuka ni wenzake wawili waliozoea kupuliza vumbi, na vile walikohoa uzeeni. Kwa hivyo tulivaa barakoa, tukalowesha kila kitu kwa maji ya sabuni, tukapangusa na vitambaa, na vitambaa vikafungwa ndani ya mfuko wa plastiki. Hatukupuliza wala kufagia kavu. Kama una kaka au rafiki gerejini anayegusa magari ya zamani, mtumie hii aya kabla ya zingine zote.

Pleti ilikuwa imeisha mpaka karibu na riveti. Sili ya nyuma ya flaiwili ilikuwa inavuja na kulowesha pleti oili, yaani kosa lile lile la klachi za ngozi za kale. Flaiwili ya Beetle inashikwa na nati moja tu katikati, ya milimita 36, na kuifungua ilitubidi tuongeze bomba refu kwa spana na kupumzika mara mbili. Tukaenda Kirinyaga Road, ambayo mzee bado anaiita Grogan, tukanunua sili, beringi na pleti mpya isiyo na asbesto. Na ule mtetemo? Mrija unaobeba waya karibu na giaboksi unafaa kupinda kidogo, kama milimita 25 hadi 45. Wetu ulikuwa umenyooka. Washa mbili zikaupinda.

Joginder Singh alishinda Safari 1965 pamoja na ndugu yake Jaswant, kwa Volvo PV544 iliyokuwa imeshatumika, akashinda tena 1974 na 1976. Watu wanakumbuka mbio. Wachache wanakumbuka kwamba alikuwa makanika. Gari kuukuu mikononi mwa mtu anayejua kuisikiliza si kitu cha kuchekwa.

Jamaa wa skrapu alikuja Jumamosi na lori lake. Anko alikuwa amekaa kwa kiti cha babu, mimi kando yake. Tukapanda ule mlima gia ya pili, bila harufu, bila kelele ya bure. Kule juu alizima gari, akashika usukani bila kusema kitu kwa muda. Halafu akauliza, "Hiyo nati ni ipi?" Nikashuka nikamwonyesha.

Familia haijaamua. Gari bado inaweza kuuzwa, watu wana karo za kulipa na sitajifanya sijui. Lakini ikiuzwa, itauzwa kama gari.