Dalali Asemapo Uwongo juu ya Nyumba Yako

Mwenye kijitabu na afuatishe maneno kwa kidole. Asiye nacho na asogee karibu na mwenzake.

Somo la leo ni la historia, lakini tutaanzia hapa Buzuruga, kando ya barabara iendayo Musoma. Tuchukue mfano wa mama mmoja mjane mwenye nyumba ya vyumba vinne. Anataka kuiuza akakae kwa mwanawe. Akamwita dalali, akamweleza kweli tupu. Karatasi aliyo nayo ni leseni ya makazi. Maji huchotwa kwa jirani. Nyuma ya nyumba pana jiwe kubwa, nanyi mwayajua mawe yetu ya Mwanza, halisogei. Bei yake ni shilingi 30,000,000.

Dalali akaenda zake. Katika tangazo alilowapelekea watu kwa simu, nyumba ikawa na hati miliki, maji ndani, na uwanja wa kuweka magari mawili. Bei ikawa shilingi 36,000,000. Hizo 6,000,000 zilizozidi ndizo wanazoziita madalali "cha juu". Mtu wa Kahama akavutiwa, akampa dalali arabuni, kisha akapanda gari kuja kuona. Akakuta jiwe. Akampigia dalali simu, haipatikani. Basi akamgeukia mama: "Nirudishie fedha yangu!"

Mama akajibu, "Mimi sikuyasema hayo." Je, jibu hilo latosha kumwokoa? Lishikeni swali hili, tutalirudia. Kwanza twende nyuma.

Neno dalali limetoka katika Kiarabu, na asili yake ni mtu aongozaye, aonyeshaye njia. Katika karne ya 19 madalali walinadi kila namna ya mali katika masoko ya Unguja, hata watumwa, mpaka soko la watumwa lilipofungwa mwaka 1873. Kuuza mali ya mwenzako si kazi mbaya kwa yenyewe. Mwuzaji na mnunuzi hawajuani, na yafaa awepo mtu wa kuwakutanisha. Lakini mtu huyo husema na huyu peke yake, kisha husema na yule peke yake. Hapo ndipo uwongo hupata mlango.

Mtu aliyeutumia mlango huo kuliko wote katika nchi yetu hakujiita dalali. Alikuwa Mjerumani, jina lake Carl Peters. Mwezi wa Novemba 1884 alifika Unguja na wenzake wachache, wakaficha majina yao ya kweli, wakavuka kwenda bara. Kwa majuma machache tu walipita Uzigua, Nguru, Usagara na Ukami, wakiwatia wakubwa wa huko kuweka alama zao chini ya karatasi.

Tarehe 29 Novemba walikuwa Msovero, katika nchi ambayo leo ni wilaya ya Kilosa, kwa mkubwa aitwaye Mangungu. Karatasi waliyomwekea mbele ilikuwa ya Kijerumani. Ndani yake mlikuwa na maneno ya urafiki wa milele. Mlikuwa pia na maneno kwamba Mangungu anampa Peters nchi yake yote, daima, naye amepokea zawadi. Mtu asiyejua Kijerumani angeshika lipi katika hayo, isipokuwa lile aliloambiwa na mkalimani? Siku chache baadaye, tarehe 4 Desemba, karatasi nyingine ikamwita mkubwa mwingine, Mwinyi Sagara, kuwa ni bwana pekee wa Usagara yote. Usagara haikuwa na bwana mmoja. Ilikuwa na wakubwa wengi wadogo wadogo, kila mmoja na watu wake.

Peters akazipeleka karatasi zake Berlin. Tarehe 27 Februari 1885 mfalme wa Ujerumani akatoa barua ya kuzikubali nchi hizo ziwe chini ya ulinzi wake. Seyyid Barghash wa Unguja akapinga, na mwezi wa Agosti manowari za Wajerumani zikatia nanga mbele ya mji wake. Huko Berlin hakuna aliyeuliza, "Mangungu mwenyewe anasemaje?" Waliisoma karatasi, wakaamini kwamba mwenye mali amekwisha sema. Tazameni jinsi kisa hiki kilivyo karibu na kile cha mama wa Buzuruga: maneno ya mtu wa katikati yamevaa jina la mwenye mali.

Baadaye sheria za ardhi ziligeuka mara kadhaa. Amri ya Wajerumani ya mwaka 1895 ilisema kwamba ardhi isiyo na mwenyewe ni ya serikali yao, na wao ndio waliokata shauri ipi haina mwenyewe. Waingereza wakaleta sheria yao mwaka 1923. Mwaka 1963 serikali yetu ikaondoa umilikaji wa ardhi moja kwa moja. Tangu hapo mtu huwa na haki ya kuitumia ardhi, na karatasi ya haki hiyo ndiyo hati. Kwa hiyo anayesema "nyumba ina hati" anataja jambo zito. Hati miliki hutolewa kwa muda mrefu, pengine miaka 33, 66 au 99. Leseni ya makazi ni ya muda mfupi. Karatasi ya mauziano iliyogongwa muhuri wa mtaa si mojawapo ya hizo mbili. Mnunuzi aliyeahidiwa ya kwanza akapewa ya pili amedanganywa.

Wazee wa kanda yetu ya Ziwa waliyajua mambo haya katika pamba. Miaka ya mwanzo ya 1950 mkulima alipeleka pamba yake kwa mnunuzi, na mnunuzi ndiye aliyesoma mizani. Wakulima walipochoka kuibiwa waliwaweka watu wao wajuao tarakimu wasimame penye mizani na kusoma pamoja naye. Katika jitihada hizo ndipo ulipoinuka ushirika ulioongozwa na Bwana Paul Bomani, na mwaka 1955 vikaunganishwa vyama vya Victoria Federation hapa Mwanza. Hawakuikataa mizani. Walitaka kuisoma na wao.

Sasa turudi kwa mama. Tangu mwaka 1961 tunayo sheria ya mikataba, iliyofuata ile ya India ya mwaka 1872. Sheria hiyo husema kwamba uwongo wa wakala, akiusema katika kazi aliyotumwa, huhesabiwa kama umesemwa na aliyemtuma. Kuieleza nyumba kwa wanunuzi ndiyo kazi aliyotumwa dalali. Kwa hiyo "mimi sikuyasema" haitoshi. Mnunuzi aweza kuuvunja mkataba, na mama aweza kudaiwa.

Lakini sheria hiyo hiyo inampa mama nguvu. Wakala aliyeharibu kazi hapati ujira wa kazi aliyoiharibu. Cha juu alichokificha si chake. Aliyemtuma ana haki ya kukidai. Tena mama aweza kumwachisha kazi. Hapa sikilizeni vizuri: kwa watu wengine, kuachishwa huko huanza siku ile wanapopata habari. Kumfokea dalali uani peke yenu hakutoshi. Wanunuzi na majirani lazima wajue.

Fedha ikiwa imechukuliwa kwa hila, hilo ni jambo la polisi. Ugomvi wa ardhi waweza kupelekwa kwenye Baraza la Kata, ambalo tangu mwaka 2021 kazi yake ni kupatanisha tu. Wasipopatana, shauri huenda kwenye Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Katika kila ofisi mama ataulizwa, "Ulimwambia nini dalali, na imeandikwa wapi?"

Mwalimu wa kikundi sasa aandike barua hii ubaoni, nanyi muisome pamoja kwa sauti.

*Bwana Dalali,*
*Nyumba yangu ya Buzuruga haina hati miliki. Nina leseni ya makazi. Maji hayamo ndani. Nyuma pana jiwe kubwa. Bei niliyokupa ni shilingi 30,000,000. Tangazo ulilolitoa si maneno yangu. Lifute. Tangu leo sikutumi tena kuuza nyumba hii. Arabuni uliyoipokea mrudishie mwenyewe.*
*Nakala: Mwenyekiti wa Mtaa, Mnunuzi.*

Wekeni tarehe na sahihi. Mkisha inakili, kila mmoja aandike mistari mitano juu ya nyumba anayokaa, iwe yake au ya kupanga: ina karatasi gani, maji yatoka wapi, mpaka wake uko wapi. Mpe jirani yako aisome, kisha mwulize kama ndivyo aionavyo nyumba hiyo.