Kiwanda cha nguo kinageuka nyumba: mambo ya kujua

Wakaaji wa Kalemie wanajua Filtisaf, kiwanda cha nguo kilichosimama kazi zamani. Jengo kubwa namna hiyo, na watu wanatafuta pa kulala: haliwezi kukalisha familia?

Pahali kwingine walifanya hivyo. Lowell, katika jimbo la Massachusetts, Marekani, ni mji uliozaliwa na pamba. Kiwanda kikubwa cha kwanza kilianza kazi 1823, mashine zikisukumwa na maji ya mto Merrimack yaliyopitishwa kwenye mifereji. Wafanyakazi wengi wa mwanzo walikuwa mabinti kutoka mashamba, wanalala kwenye nyumba za kampuni. Kisha kazi ikahamia kusini ya nchi, kwenye mishahara midogo, na viwanda vikafungwa kimoja kimoja. Kile cha Boott, kilichoanzishwa 1835, kilifunga miaka ya 1950. Mwaka 1978 serikali ya Marekani ikafanya sehemu ya mji kuwa hifadhi ya historia. Leo ndani ya Boott kuna makumbusho, ofisi na apartema watu wanamokaa na watoto wao.

Kiwanda cha zamani kina mazuri yake. Kuta za matofali ya kuchoma ni nene, etaji zilijengwa kubeba mashine nzito, na madirisha ni makubwa sababu wafumaji walihitaji mwanga. Lakini upana huo huo unaleta shida: katikati ya jengo giza inabaki. Njo maana apartema zinapangwa kando ya madirisha, na katikati wanaweka ngazi, koridoo na stoo.

Kazi ngumu zaidi haionekani kwa macho. Mbao zimekunywa mafuta ya mashine miaka na miaka. Rangi ya zamani inaweza kuwa na risasi (ile madini, si ya bunduki), na mabomba yamefungwa na amianti, ambayo vumbi lake linaharibu mapafu. Udongo wa nje unaweza kuwa na dawa za kupaka nguo rangi. Mtoto anayechezea hapo ndiye anaumia wa kwanza. Kuhamia mbele ya kusafisha ni hatari, hata kama paa ni zima.

Na feza? Marekani, mwenye kukarabati jengo la historia kwa kulipangisha anaweza kupunguziwa kodi ya serikali kwa asilimia 20 ya gharama, akiheshimu sura yake ya zamani. Bila msaada, bei ya kupanga inapanda, na mtoto wa mfanyakazi wa zamani anashindwa kulipa garanti.

Kwa hiyo kwetu, kabla ya kuita fundi, kwanza makaratasi: parseli ni ya nani, na nani ana haki ya kuitoa? Kisha injinia apime nguzo, na udongo upelekwe laboratwari.