KWETU NI WAPI? GAZETI, NYUMBA NA HABARI ZA MTAA KATIKA KARIAKOO

Tarehe 18 Novemba 1937 lilitoka mjini Dar es Salaam toleo la kwanza la gazeti la Kiswahili lililoitwa Kwetu. Mwenye gazeti na mhariri wake alikuwa Erica Fiah, mwenye duka, mzaliwa wa Uganda, ambaye mwaka 1934 alikuwa ameanzisha chama cha kuwatetea wafanyabiashara wadogo wa Kiafrika. Wanahistoria wamezoea kulitaja gazeti hilo kwa sifa moja, kwamba lilikuwa la kwanza katika Tanganyika kumilikiwa na kuhaririwa na Mwafrika. Sifa hiyo ni ya kweli. Hata hivyo imelifunika jambo jingine ambalo kwa mwanafunzi wa lugha lina uzito usiopungua, nalo ni jina lenyewe.

Sarufi ya Kiswahili ina njia tatu za kutaja mahali pa mtu: petu, kwetu na mwetu. Ya kwanza huonyesha mahali panapojulikana mipaka yake, ya tatu huonyesha ndani, na ya pili huonyesha upande au eneo ambalo mipaka yake haikuwekwa wazi. Katika matumizi ya kila siku, kwetu imezidi kuwa neno la asili ya mtu kuliko neno la makazi yake. Mpangaji aliyekaa Kariakoo miaka thelathini huweza kusema bila kujipinga kwamba anakaa Kariakoo lakini kwao ni Morogoro. Tena neno hilohilo hubeba maana ya kuelekea: habari zimefika kwetu, yaani zimetufikia sisi. Gazeti lililochapishwa katika mji wa wapangaji na kuitwa Kwetu lilikuwa, kwa hiyo, limeuliza swali kabla halijachapa habari hata moja. Sisi ni nani, na mahali petu ni wapi?

Swali hilo halikuwa la mzaha. Kariakoo haikukua yenyewe kama vinavyokua vijiji vya pwani, bali ilipimwa na serikali. Hapo kwanza palikuwa na shamba la Mjerumani aliyeitwa Schöller, na kabla tu ya Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia utawala wa Kijerumani ulilitwaa ili lijengwe mji wa Waafrika, mbali kidogo na bandari na nyumba za Wazungu. Vita vikaingilia kati. Baada ya Waingereza kuuteka mji mwezi Septemba 1916, eneo hilo likawa kambi ya wapagazi wa jeshi, wale wa Carrier Corps, na matamshi ya Kiswahili yakalipa jina lililobaki hadi leo. Si mahali pengi duniani ambapo soko kuu la mji limeitwa kwa jina la kikosi cha watu waliobebeshwa mizigo ya vita isiyokuwa yao. Na wengi wao hawakurudi makwao.

Baada ya vita Waingereza walikamilisha mpango wa mitaa iliyonyooka. Uwanja wa Mnazi Mmoja uliachwa wazi upande wa mashariki ili kuitenga sehemu ya Waafrika na Uhindini, na upande wa pili bonde la Mto Msimbazi, lenye matope na mafuriko, likaweka mpaka wa maumbile. Kariakoo ikawa kama kisiwa cha nchi kavu. Mtu alivuka Mnazi Mmoja asubuhi kwenda kazini, na jioni alirudi. Mitaa ilipewa majina ya makabila na ya mahali pa mbali, kama Nyamwezi, Kongo, Pemba, Mafia, Somali na Likoma, hata ramani yenyewe ikasomeka kama orodha ya sehemu ambazo watu walikuwa wametoka.

Kwa utawala wa kikoloni jibu la swali la kwetu lilikuwa rahisi. Mwafrika mjini alikuwa mgeni wa muda, na kwao halisi kulikuwa kijijini, chini ya mtawala wake wa kienyeji na karibu na shamba lake. Andrew Burton, katika utafiti wake uliochapishwa mwaka 2005, ameonyesha kwa urefu jinsi fikra hiyo ilivyogeuzwa kuwa misako: vijana wasio na kazi walikamatwa, wakahesabiwa kuwa wahuni, wakarudishwa kwao. Sheria ya mwaka 1944 ya kuwaondoa mijini watu wasiotakiwa iliipa desturi hiyo nguvu zaidi. Inafaa kuzingatia neno lililotumika. Katika kamusi ya Johnson ya mwaka 1939, miongoni mwa maana za mhuni imo ile ya mtu anayetangatanga. Kosa lake la kwanza, basi, halikuwa wizi wala fujo. Lilikuwa kukosa mahali ambapo wengine wangeweza kusema ndipo kwao. Maana ya ukorofi, ambayo leo ndiyo inayokuja kwanza akilini, imestawi juu ya shina hilo.

Lakini ndani ya nyumba za Kariakoo jibu lilikuwa jingine. Nyumba ya kawaida ilikuwa na ukumbi katikati, vyumba vitatu kila upande, ua nyuma, na baraza mbele. Mwenye nyumba, ambaye mara nyingine alikuwa mwanamke, alikaa katika chumba kimoja au viwili na kupangisha vilivyobaki. Hivyo Mzaramo, Mmanyema, Mnyamwezi na Mngindo walichota maji pamoja, wakatumia choo kimoja, na kupikia katika ua mmoja. Habari za mtaa zilitokea uani na kupokewa barazani. J. A. K. Leslie, ofisa aliyefanya uchunguzi wa mji huo mwaka 1956 na 1957, alitambua kwamba maisha ya mji yalikuwa yakifumwa huko zaidi kuliko katika ofisi yoyote.

Msiba ndio uliopima ujirani huo. Mpangaji alipofariki, swali la kwanza lililoulizwa lilikuwa: kwao ni wapi? Kwa jibu la swali hilo walijulikana watu wa kupelekewa habari, watani wa kushika kazi ya mazishi, na wazee wa kabila wa kuchangisha sanda. Vyama vya watu wa asili moja, ambavyo vilikuwa vingi mjini kuanzia miaka ya 1930, vilikuwa na shughuli nyingi kwa maandishi yao wenyewe, lakini shughuli iliyowapa wanachama sababu ya kulipa ada ilikuwa kuzikana. Mtu asiye na chama, asiye na jamaa, wala asiyejulikana kwao, alizikwa kwa msaada wa majirani wa nyumba moja, na katika tendo hilo mtaa ulijithibitisha kuwa kwao wa pili. Utani nao, ambao asili yake ni uhusiano wa makabila yaliyopigana au kufanya biashara katika njia za misafara, ulipata mjini kazi mpya ya kuwapa wageni haki na wajibu baina yao. Huenda hakuna taasisi iliyosambaza habari Kariakoo kwa kasi kuliko utani, kwa kuwa mtani hakuweza kudai kwamba hakupata taarifa.

Habari za namna hiyo ziliingiaje katika maandishi? Tangu Januari 1923 serikali ilikuwa ikitoa jarida la kila mwezi, Mambo Leo, chini ya idara yake ya elimu. Lilipendwa sana, na isingekuwa haki kulidharau kwa sababu tu lilikuwa la serikali. Waandishi wa barua kutoka wilaya zote walilipelekea habari za mvua, mavuno, vifo, harusi na ziara za mabwana. Washairi walijibizana humo. Na wasomaji wengi walijifunza kwalo mwandiko wa Kiswahili ambao Kamati ya Lugha, iliyoundwa mwaka 1930, ilikuwa ikiusanifisha kwa msingi wa Kiunguja. Kasoro yake ilikuwa kwamba habari zilipanda kwenda kwa mhariri wa serikali na kushuka tena zikiwa zimechujwa. Malalamiko juu ya mshahara, kodi au polisi hayakuwa na mlango mpana wa kupitia.

Kwetu ilikusudia kuwa mlango huo. Humo Fiah aliandika na kuandikiwa juu ya elimu, ujira, biashara ndogo na heshima ya Mwafrika mjini. Sauti yake ilikuwa kali kuliko ilivyozoeleka. Hakuelewana siku zote na viongozi wa African Association, chama kilichoanzishwa mwaka 1929 na watumishi wa serikali na wazee wa mji kama Kleist Sykes, na ambacho ofisi yake ilikuwa katika Mtaa wa New, leo Lumumba. Wao walikuwa na mengi ya kupoteza wakigombana na serikali; mwenye duka hakuwa na kazi ya serikali ya kupoteza.

Hata hivyo neno kwetu hukata pande mbili, kwani kila anayesema kwetu amewaacha wengine nje. James Brennan, katika kitabu chake cha mwaka 2012, ameeleza jinsi neno taifa lilivyobeba katika magazeti ya wakati huo maana ya nchi na maana ya rangi kwa pamoja. Kwetu ilikuwa uwanja mmojawapo wa matumizi hayo. Muuza duka wa Kihindi, ambaye Mwafrika wa Kariakoo alikutana naye karibu kila siku kwa kibaba cha unga na mkopo wa mafuta ya taa, alilaumiwa humo si kwa bei zake tu bali pia kwa kuwa si mwenzetu. Vita Kuu ya Pili ya Dunia ilipoleta mgao wa chakula na nguo, na mgao huo ukapangwa kwa rangi, uchungu ulipata ushahidi. Msomaji wa leo ana haki ya kusoma kurasa hizo kwa mashaka, ila asisahau kwamba mipaka iliyopingwa na iliyotetewa humo ilikuwa imechorwa kwanza na serikali.

Na ndani ya Waafrika wenyewe palikuwa na mpaka. Washomvi na Wazaramo, waliojiona kuwa wenyeji wa mji, waliwaita wengine watu wa kuja. Mhariri aliyewaandikia habari za kwao alikuwa mtu wa kuja kutoka ng'ambo ya mpaka wa nchi, na lugha aliyoandikia hakuizaliwa nayo. Hapo ndipo ulipo ujasiri wa jina lile. Fiah hakuweza kudai Kariakoo kwa ukoo, hivyo aliidai kwa lugha: kwetu ni mahali ambapo habari zetu zinaandikwa na sisi wenyewe. Watu waliozaliwa pwani hawakulazimika kukubali, na si wote waliokubali.

Gazeti lilidumu hadi mwaka 1951. Mwaka huohuo serikali ilianzisha matangazo ya redio yaliyoitwa Sauti ya Dar es Salaam, na mtu asiyejua kusoma akapata habari akiwa barazani. Mji nao ulikuwa umebadilika kwa wingi wa watu: sensa ya mwaka 1948 ilihesabu wakazi wapatao 69,000, na ile ya 1957 ikapata karibu 129,000. Tarehe 7 Julai 1954, katika ofisi ileile ya Mtaa wa New, TANU ilizaliwa. Chama hicho hakikuwa na gazeti wakati huo, wala hakikulisubiri. Susan Geiger, aliyewahoji wanawake wa TANU kwa miaka mingi na kuchapisha utafiti wake mwaka 1997, ameonyesha kwamba Bibi Titi Mohamed, ambaye kabla ya siasa alikuwa mwimbaji katika kikundi cha ngoma cha Bomba, aliwaendea viongozi wa vikundi vya lelemama na ngoma nyinginezo, nao wakawaleta wanachama wao. Kufikia Oktoba 1955 wanawake zaidi ya 5,000 walikuwa wamekata kadi. Habari ilipita palepale ilipokuwa ikipita habari ya harusi, uani, na wanawake hao hawakuwa na haja ya kuulizana kwao ni wapi kwa sababu ngoma zao zilikuwa zimekwisha kuchanganya makabila.

Sehemu kubwa ya nyumba zile za vyumba sita haipo tena. Soko jipya lililosanifiwa na Beda Amuli lilifunguliwa mwaka 1975, na kuanzia miaka ya 1990 maghorofa ya maduka yalizila nyumba moja baada ya nyingine. Tarehe 10 Julai 2021 soko liliungua. Tarehe 16 Novemba 2024 ghorofa moja liliporomoka likiwa na watu ndani. Zaidi ya 20 walipoteza maisha, na ndugu kutoka mikoa mbalimbali wakaja kuwatafuta watu wao kando ya kifusi. Wengi wanaoshinda Kariakoo leo hawalali huko. Wanaosema kwetu Kariakoo kwa maana ya kuzaliwa wanazidi kupungua.

Maneno ya mtaa, kwa upande mwingine, yamesafiri. Klabu mbili zilizotoka katika mitaa hiyo, Yanga ya mwaka 1935 na ile iliyojitenga nayo mwaka 1936, ambayo baada ya majina kadhaa ilichukua jina la Simba mwaka 1971, zimeyafanya majina Jangwani na Msimbazi kuwa majina ya pande mbili za nchi nzima. Shabiki aliye Kigoma, ambaye hajawahi kuliona bonde lile wala mafuriko yake, husema Msimbazi tumeshinda. Na katika lugha ya vijana wa mitaani, noti nyekundu ya shilingi 10,000 imeitwa msimbazi kwa ajili ya rangi ya jezi za klabu hiyo.