Kugawana Vyeo na Kugawana Muda: Serikali ya Mpito ya Burundi, 2001–2005

Mkataba wa Amani na Maridhiano wa Burundi ulitiwa saini Arusha tarehe 28 Agosti 2000, katika mazungumzo yaliyosimamiwa na Mwalimu Julius Nyerere hadi kifo chake, kisha Nelson Mandela. Hata hivyo, swali zito lilibaki bila jibu: nani angeongoza kipindi cha mpito?

Jibu lilipatikana mwaka 2001 kwa kugawa muda. Miezi 36 ya mpito ilikatwa nusu kwa nusu. Pierre Buyoya, Mtutsi, angekuwa Rais kwa miezi 18, Makamu wake akiwa Domitien Ndayizeye, Mhutu, ambaye angeshika urais katika nusu ya pili.

Mpango huo ulikuwa na hatari ya wazi, kwa kuwa anayetangulia hushika dola, na anayesubiri hushika ahadi. Isitoshe, Buyoya alikuwa ametwaa madaraka kwa mapinduzi mara mbili, mwaka 1987 na 1996, na kundi la CNDD-FDD lilikuwa bado linapigana.

Tarehe 30 Aprili 2003 Buyoya alikabidhi urais. Mnamo Novemba mwaka huo CNDD-FDD iliingia serikalini. Katiba ya 2005 ikaweka mgawanyo wa asilimia 60 kwa Wahutu na 40 kwa Watutsi katika Serikali na Bunge, na usawa katika jeshi. Hesabu hizo ziliaminika kwa sababu ahadi iliyotangulia ilikuwa imetimizwa kwa tarehe yake.