Umoja wa Ulaya na majirani zake katika suala la uhamiaji

Uhamiaji ndilo suala ambalo tangu mwaka 2015 limetawala uhusiano wa Umoja wa Ulaya na nchi zinazouzunguka, hasa za kusini mwa Bahari ya Mediteranea na Uturuki. Kiini chake ni mapatano ambayo nchi jirani huwazuia wahamiaji wasivuke, na Umoja hulipa kwa fedha, kwa vifaa, kwa ahadi za viza, au kwa kufumbia macho mambo mengine ya jirani huyo. Mapatano hayo yalishika kasi pale vyama vya kipopulisti vilipoanza kuvuna kura ndani ya nchi wanachama, ingawa mengi yalitiwa saini na serikali za mrengo wa kati zilizokuwa zikiviogopa vyama hivyo.

Asili

Mkataba wa Schengen wa tarehe 14 Juni 1985, ulioanza kutumika mwaka 1995, uliondoa ukaguzi kwenye mipaka ya ndani na kuhamishia uzito wote kwenye mpaka wa nje. Mkataba wa Dublin wa mwaka 1990 ukaongeza kanuni kwamba, kwa kawaida, ombi la hifadhi hushughulikiwa na nchi ya kwanza ambayo mwombaji aliingilia. Mzigo ukaangukia Ugiriki, Italia, Malta na Hispania, si kwa kosa lolote bali kwa jiografia. Nchi za kaskazini ziliishi na kanuni hiyo kwa raha mustarehe kwa miaka mingi.

Mchakato wa Barcelona ulizinduliwa mwaka 1995, na Sera ya Ujirani ya Ulaya mwaka 2004, ikiwa na nchi 16: kumi za kusini na sita za mashariki. Romano Prodi, Rais wa Tume ya Ulaya wakati huo, alitaka Umoja uzungukwe na duara la marafiki. Mwaka huohuo wa 2004 liliundwa shirika la kulinda mipaka, Frontex, lenye makao yake Warsaw. Kati ya mipango hiyo, Frontex ndilo lililonona: kwa kanuni ya mwaka 2019 linatakiwa kuwa na kikosi cha maafisa 10,000 ifikapo 2027.

Vyama vya kipopulisti

Upinzani dhidi ya wageni haukuanza na wakimbizi wa Syria. Chama cha Front National cha Ufaransa kiliundwa mwaka 1972, na mwaka 2002 kiongozi wake Jean-Marie Le Pen alifika duru ya pili ya uchaguzi wa rais. Chama cha Jörg Haider kilipoingia serikalini Austria mwaka 2000, nchi nyingine 14 wanachama zilipunguza uhusiano na Vienna kwa miezi kadhaa. Hatua kama hiyo haikurudiwa tena. Baadaye vyama vya namna hiyo viliingia serikalini mahali pengi, na wenzao wakavizoea.

Hungaria ndiyo iliyotoa mfano ulioigwa zaidi. Katika kiangazi cha mwaka 2015 serikali ya Viktor Orbán ilitundika mabango ya barabarani yaliyowaonya wageni kwamba wakija Hungaria wasichukue kazi za Wahungaria. Mabango hayo yaliandikwa kwa Kihungaria, lugha ambayo Msyria au Mwafghani aliyetembea kwa miguu kutoka Serbia hakuweza kuisoma. Waliokusudiwa walikuwa wapiga kura. Septemba mwaka huo uzio wa kilomita 175 ulikamilika kwenye mpaka wa Serbia. Umoja ulipoamua kugawana waomba hifadhi 160,000 waliokuwa Italia na Ugiriki, Budapest ilikataa kupokea hata mmoja. Kura ya maoni ya Oktoba 2016 ilipata asilimia 98 ya waliopinga mgawo huo, lakini waliojitokeza hawakutosha kuifanya iwe halali. Hatimaye waliogawanywa Ulaya nzima walikuwa kama 35,000.

Nchini Uingereza, siku chache kabla ya kura ya kujitoa katika Umoja ya tarehe 23 Juni 2016, mwanasiasa wa kipopulisti Nigel Farage alizindua bango lenye picha ya foleni ndefu ya wahamiaji. Picha ilikuwa imepigwa kwenye mpaka wa Kroatia na Slovenia, na Uingereza haikuwahi kuwamo katika Schengen. Upande wa kujitoa ulishinda kwa asilimia 51.9.

Idadi ya wanaowasili na idadi ya kura haziendi pamoja kama inavyosemwa mara kwa mara. Mwaka 2016 watu wapatao 181,000 walifika Italia kwa bahari. Mwaka 2018 walikuwa kama 23,000 tu. Hata hivyo, chama cha Lega cha Matteo Salvini, ambaye akiwa waziri wa mambo ya ndani aliifungia bandari meli ya uokoaji Aquarius iliyobeba watu zaidi ya 600, kilipata asilimia 34 katika uchaguzi wa Bunge la Ulaya wa Mei 2019, wakati boti zikiwa chache kuliko mwaka wowote wa karibuni.

Libya

Hakuna jirani ambaye yameandikwa mengi kumhusu kama Libya, na si bure. Tarehe 30 Agosti 2008, mjini Benghazi, kiongozi wa Libya Muammar Gaddafi na Waziri Mkuu wa Italia Silvio Berlusconi walitia saini mkataba wa urafiki. Italia iliahidi dola bilioni 5 kwa miaka 20 kama fidia ya ukoloni. Libya nayo ikaahidi, pamoja na mengine, kulinda fukwe zake.

Matokeo yalionekana baharini mwaka uliofuata. Tarehe 6 Mei 2009 meli za doria za Italia zilizikuta boti tatu kusini mwa Lampedusa zikiwa na watu wapatao 200. Walihamishiwa kwenye meli za kijeshi na safari ikachukua saa kumi. Hakuna aliyewaambia wanapelekwa wapi, wala aliyewauliza majina au kwa nini walikimbia kwao. Walipofika bandari ya Tripoli waligoma kushuka, wakashushwa kwa nguvu na kukabidhiwa kwa Walibya. Wasomali 11 na Waeritrea 13 kati yao waliishtaki Italia, na tarehe 23 Februari 2012 Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya iliwapa ushindi. Kufikia siku hiyo wawili kati yao walikuwa wamekwisha kufa.

Gaddafi alikuwa ameshaielewa thamani ya kazi aliyopewa. Akiwa Roma mwezi Agosti 2010 alitaka euro bilioni 5 kila mwaka, la sivyo, alisema, Ulaya ingeweza kuamka siku moja ikiwa nyeusi. Mwaka mmoja na miezi michache baadaye alikuwa ameuawa, na Libya ikabaki bila mlinzi wala serikali moja. Tarehe 3 Oktoba 2013 watu zaidi ya 360, wengi wao Waeritrea, walikufa maji karibu kabisa na ufukwe wa Lampedusa. Italia ikaanzisha operesheni ya uokoaji ya Mare Nostrum, iliyodumu mwaka mmoja. Tarehe 18 Aprili 2015 boti nyingine ilizama ikiwa na watu wapatao 800.

Funzo ambalo serikali zililichota katika hukumu ya mwaka 2012 lilikuwa la kiufundi zaidi kuliko la kibinadamu: mhamiaji asikanyage sitaha ya meli yenye bendera ya Ulaya. Tarehe 2 Februari 2017 Waziri Mkuu wa Italia Paolo Gentiloni, wa mrengo wa kati-kushoto, alitia saini hati ya makubaliano na Fayez al-Sarraj wa serikali ya Tripoli. Italia ilitoa boti na mafunzo, Umoja ukachangia fedha, na walinzi wa pwani wa Libya wakafanya kazi ya kuwakamata watu baharini na kuwarudisha kwenye vituo vya kuwazuilia. Hali ya vituo hivyo imeelezwa katika ripoti nyingi: vipigo, ubakaji, na simu zinazopigwa kwa jamaa nyumbani ili watume fidia huku wakisikia mtu wao akiteswa. Mkuu wa walinzi wa pwani wa Zawiya, Abd al-Rahman Milad, aliwekewa vikwazo na Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa mwezi Juni 2018 kwa madai ya kuhusika na usafirishaji haramu wa binadamu, baada ya kuhudhuria kikao rasmi nchini Italia mwaka uliotangulia. Machi 2023 ujumbe wa uchunguzi wa Umoja wa Mataifa ulisema kuna sababu za kuamini kwamba wahamiaji nchini Libya wametendewa uhalifu dhidi ya ubinadamu. Hati ya mwaka 2017 imeendelea kuhuishwa.

Uturuki

Mwaka 2015 watu zaidi ya 850,000 walivuka kutoka Uturuki hadi visiwa vya Ugiriki. Kwa tamko la tarehe 18 Machi 2016 Uturuki ilikubali kuwapokea tena waliovuka kinyume cha sheria, na Umoja ukaahidi euro bilioni 6 kwa ajili ya wakimbizi, viza kufutwa kwa raia wa Uturuki, na mazungumzo ya uanachama kuhuishwa. Kufikia mwaka 2017 waliovuka walikuwa kama 30,000. Fedha zilitolewa, viza hazijafutwa hadi leo, na mazungumzo ya uanachama yamekwama.

Oktoba 2019, Ulaya ilipolaani operesheni ya jeshi la Uturuki kaskazini mwa Syria, Rais Recep Tayyip Erdoğan alitishia kuwafungulia njia wakimbizi milioni 3.6. Mwishoni mwa Februari 2020 alifanya hivyo kweli, na maelfu wakasongamana kwenye mpaka wa Ugiriki karibu na Edirne. Rais wa Tume ya Ulaya Ursula von der Leyen alifika na kuisifu Ugiriki kuwa ngao ya Ulaya. Kwa Waturuki wenyewe, Wasyria walikuja kuwa hoja ya uchaguzi: mwaka 2023 mgombea wa upinzani Kemal Kılıçdaroğlu, wa mrengo wa kati-kushoto, aliahidi kuwarudisha kwao, na hiyo ikawa ahadi yake kuu kabla ya duru ya pili. Akashindwa.

Tunisia

Maneno ya Ulaya kuhusu wageni nayo yalivuka bahari. Tarehe 21 Februari 2023 Rais Kais Saied alidai kwamba kuna njama ya kubadili sura ya watu wa Tunisia kwa kuingiza makundi ya Waafrika wa kusini mwa Sahara, dai lililofanana mno na yale ya wanasiasa wa mrengo wa kulia wa Ufaransa. Wapangaji weusi walifukuzwa majumbani, wengine wakashambuliwa mitaani. Guinea na Côte d'Ivoire zilituma ndege kuwachukua raia wao. Umoja wa Afrika ulilaani matamshi hayo. Mwezi Julai mamia ya watu walikamatwa Sfax na kutupwa jangwani kwenye mpaka wa Libya bila maji.

Tarehe 16 mwezi huohuo von der Leyen na mawaziri wakuu Giorgia Meloni wa Italia na Mark Rutte wa Uholanzi walikuwa Tunis kutia saini hati ya makubaliano. Ilikuwamo euro milioni 105 za kudhibiti uhamiaji na milioni 150 za kusaidia bajeti, pamoja na mkopo wa hadi milioni 900 wenye masharti. Mwezi Oktoba Saied, naye mpopulisti asiyetaka kuonekana ombaomba, alirudisha milioni 60 akisema Tunisia haipokei sadaka. Makubaliano hayakufa kwa sababu hiyo.

Moroko na Hispania

Ceuta na Melilla ndiyo mipaka pekee ya nchi kavu kati ya Umoja na Afrika. Mei 2021, Hispania ilipomtibu hospitalini Brahim Ghali, kiongozi wa Polisario, harakati inayopigania uhuru wa Sahara Magharibi dhidi ya Moroko, walinzi wa Moroko walilegeza ulinzi na watu wapatao 8,000 wakaingia Ceuta kwa siku mbili. Machi 2022 Madrid iliunga mkono mpango wa Moroko kuhusu Sahara Magharibi, msimamo ambao ilikuwa imeukwepa kwa miongo kadhaa. Tarehe 24 Juni 2022 watu wasiopungua 23 walikufa kwenye uzio wa Melilla. Njia ikahamia Atlantiki: mwaka 2024 waliofika Visiwa vya Kanari walikuwa zaidi ya 46,000, na Machi mwaka huo Mauritania iliahidiwa euro milioni 210.

Niger

Niger haipakani na Umoja, lakini ilifanywa mpaka wake. Mji wake wa Agadez uliishi kwa usafiri: kila wiki msafara wa pikapu za Hilux uliondoka kuelekea Libya ukisindikizwa na magari ya jeshi, kila gari na abiria kama 30 nyuma, wa pembeni wakining'iniza miguu nje na kushika vijiti vilivyochomekwa kati ya mizigo ili wasidondoke. Sheria namba 36 ya mwaka 2015, iliyotungwa kwa kuhimizwa na Ulaya, iliifanya biashara hiyo kuwa jinai. Magari yalikamatwa, madereva wakafungwa, na waliobaki wakapita njia za mbali na visima. Wanajeshi waliotwaa madaraka Julai 2023 waliifuta sheria hiyo mwezi Novemba.

Mpaka wa mashariki

Mwaka 2021 Belarus ilipitisha wahamiaji kutoka Mashariki ya Kati hadi mpaka wa Poland, ambayo ilijenga ukuta wa kilomita 186. Kinyume chake, wakimbizi wa Ukraine walipewa hifadhi ya muda kwa uamuzi wa tarehe 4 Machi 2022. Zaidi ya milioni nne walipokewa bila mgogoro mkubwa.

Afrika Mashariki na Pembe ya Afrika

Kenya ni miongoni mwa nchi za Mchakato wa Khartoum, jukwaa la Umoja na nchi za eneo hili kuhusu uhamiaji lililoanzishwa Novemba 2014, na eneo lote limepata miradi ya mfuko wa dharura wa Umoja uliozinduliwa Valletta mwaka 2015. Tangu 2019 Rwanda hupokea katika kituo cha Gashora, wilayani Bugesera, watu wanaotolewa kwenye vituo vya Libya, kwa mpango wa Umoja wa Afrika na shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa, UNHCR. Mpango wa Uingereza wa kupeleka waomba hifadhi Kigali, wa Aprili 2022, si wa Umoja wa Ulaya, ila uliangaliwa kwa tamaa na serikali kadhaa za Ulaya bara. Mahakama ya Juu ya Uingereza iliukataa Novemba 2023 na serikali mpya ikaufuta mwaka uliofuata bila mtu yeyote kupelekwa kwa nguvu. Aprili 2024 Umoja uliwawekea Waethiopia masharti magumu ya viza, muda wa kusubiri ukipanda kutoka siku 15 hadi 45, kwa kuwa Addis Ababa haikuwa ikishirikiana vya kutosha kuwapokea raia wake wanaorudishwa.

Hali ya sasa

Mkataba mpya wa uhamiaji na hifadhi ulipitishwa mwaka 2024 ili uanze kutumika Juni 2026. Misri iliahidiwa euro bilioni 7.4 mwezi Machi 2024, sehemu kubwa ikiwa mikopo. Vituo vya Italia nchini Albania, vilivyotokana na itifaki ya Novemba 2023, vilipokea watu 16 wa kwanza Oktoba 2024. Baada ya siku chache mahakama ya Roma ilizuia wasishikiliwe huko. Frontex ilihesabu mwaka 2024 visa vipatavyo 239,000 vya uvukaji haramu, pungufu kwa asilimia 38 kuliko mwaka uliotangulia. Februari 2025 chama cha kipopulisti cha AfD, kilichoanza mwaka 2013 kwa kupinga sarafu ya euro, kilishika nafasi ya pili nchini Ujerumani kwa asilimia 20.8.