Foleni ya Printa: Karatasi Inayotoka Chumba Kingine

Foleni ya printa ni kongwe kuliko mitandao ya kompyuta. Mwaka 1959 IBM ilitoa printa ya 1403, iliyopiga mistari 600 kwa dakika. Hata kasi hiyo haikufua dafu mbele ya kompyuta kubwa za enzi hizo, na kuiacha mashine ya mamilioni ya dola ikingoja karatasi kulikuwa ubadhirifu mtupu. Kwa hiyo majibu yaliandikwa kwanza kwenye utepe wa sumaku, kisha kompyuta ndogo ikausoma utepe huo na kuchapisha pembeni.

Mtandao uliingia katika maabara ya Xerox huko Palo Alto, California. Gary Starkweather alihamia huko mwaka 1971 akaunda printa ya leza kutokana na mashine ya kunakili: mwali wa mwanga ulichora herufi nukta kwa nukta. Ilikuwa kubwa na ghali mno kuwekwa kwenye kila meza. Ikabidi ishirikiwe kupitia Ethernet, mtandao uliobuniwa humo humo mwaka 1973. Kompyuta moja aina ya Alto ilitengwa ipokee nyaraka za kompyuta nyingine na kuilisha printa. Hiyo ndiyo seva ya printa, kazi yake ikiwa ileile ya leo.

Umbali, hata hivyo, ulizaa kero. Mtu alituma waraka, akaenda kuufuata, akakuta karatasi imekwama kwa saa nzima. Katika maabara ya akili bandia ya MIT, Richard Stallman alikuwa amerekebisha programu ya printa ya zamani ili iwaarifu waliokuwa wakingoja. Printa mpya ya Xerox ilipoletwa bila msimbo wa programu yake, marekebisho hayo hayakuwezekana. Kisa hicho kidogo kilichangia kuanzishwa kwa mradi wa programu huru wa GNU mwaka 1983.

Mfumo wa Unix wa Berkeley ulieneza lpd, programu ya kusimamia foleni za printa, ambayo taratibu zake ziliandikwa rasmi mwaka 1990. Mwaka uliofuata HP ilileta JetDirect, kadi iliyoiunganisha printa na mtandao moja kwa moja. Lakini hatua nzito zaidi ni itifaki ya uchapishaji ya IPP na programu ya foleni ya CUPS, zote za mwaka 1999. Kwa CUPS, msimamizi huipa foleni jina, huielekeza kwenye anwani ya printa, kisha huwafungulia watumiaji. Kwa IPP, printa yenyewe hueleza kwamba karatasi imekwisha au imekwama, na aliyetuma huupata ujumbe akiwa mezani pake.