Sikio la Kikongwe: Haki Isiyosikilizwa katika Manga na Manhwa

Usukumani, nchini Tanzania, husimuliwa ngano ya Masala Kulangwa. Zimwi Shing'weng'we limemeza watu wote na mifugo yao, isipokuwa mjamzito mmoja aliyejificha ndani ya makapi. Mwanawe anakua, anauliza watu wamekwenda wapi, na siku moja anamletea mama yake panzi aliyemuua akidhani ndilo zimwi lenyewe. Mwishowe analiua zimwi la kweli, analipasua tumbo, na watu wanatoka wazima.

Mtunzi mwenye haraka angeishia hapo. Ngano haiishii hapo, kwa sababu kisu kilichookoa ukoo mzima kimekata sikio la kikongwe mmoja. Kikongwe amekasirika, katika masimulizi mengine anataka hata kumroga mwokozi wake. Masala Kulangwa hamwambii ashukuru kuwa hai. Anatafuta dawa, anamtibu, na ndipo watu wanamfanya mtemi. Katika nchi ambako vikongwe wamewahi kuuawa kwa tuhuma za uchawi kwa sababu tu macho yao yamekuwa mekundu kwa moshi wa jikoni, tukio hili si pambo la hadithi. Mwanamke mzee, mwenye hasira, anayetishia kuroga, anajibiwa kwa dawa.

Nimeisoma Naruto, manga (katuni ya Kijapani), kwa kipimo hicho cha aliyeumizwa kusikilizwa na kutibiwa, na inaniuma. Masashi Kishimoto aliichora kuanzia 1999 hadi 2014, sura 700, na kiini cha simanzi yake ni mauaji ya ukoo wa Uchiha. Itachi anawaua ndugu zake kwa agizo lililotoka kwa viongozi wa kijiji cha Konoha. Danzo, mhusika mkuu wa agizo hilo, anauawa na Sasuke, mdogo wake Itachi aliyenusurika, lakini kile ni kisasi cha darajani, si hukumu. Wazee wawili walioshiriki uamuzi huo, Homura na Koharu, hawaulizwi lolote mbele ya watu, na kijiji hakitangaziwi ukweli. Kisha mtunzi anatuomba tufurahie kijiji kilekile, na Sasuke ndiye anayepaswa kuomba radhi. Anayo ya kuombea radhi, sikatai. Lakini aliyenyamazishwa kwa kuuawa ukoo wake anawezaje kuwa mdaiwa pekee?

Katika Solo Leveling, manhwa (katuni ya Kikorea), dosari ni ya namna nyingine: mhusika mkuu, Sung Jinwoo, anarudisha wakati nyuma miaka 10, na vifo vinafutika. Hakuna anayefidiwa, maana, mbali na Jinwoo, karibu hakuna anayekumbuka alichotendewa. Ni huruma, ila si haki.

Watetezi watasema maisha yenyewe hayatoi haki, na fasihi haina wajibu wa kuyapamba. Hoja hii ni nzito, na jibu lake liko ng'ambo ya maji, Ukerewe, alikozaliwa mwandishi Euphrase Kezilahabi. Katika riwaya yake Rosa Mistika (1971) Rosa anajiua. Hakuna anayemrudishia maisha yake. Hata hivyo msomaji hatoki amedanganywa. Ulevi wa Zakaria, baba yake Rosa, na kipigo alichompa bintiye kwa sababu ya barua vimewekwa waziwazi, na riwaya haituombi tumpende baba huyo kama vile hakuna kilichotokea. Mwisho mchungu sio ninaoulalamikia. Ninacholalamikia ni mtunzi kufungua kesi kwa mkono wake mwenyewe, kututoa machozi juu yake kwa mamia ya kurasa, kisha kuiacha kimya kwa kuwa hukumu ingechafua sherehe ya mwisho.

Vijana wetu wanaoanza kuchora katuni kwa Kiswahili wanajifunza kutoka kwa vitabu hivi, nao wanafaa kujifunza, maana ufundi wa Kishimoto ni mkubwa. Ninawaomba wajifunze pia kwa ngano za bibi zao. Naruto, pamoja na ubora wake wote, imewaacha wafu wa Uchiha bila kusikilizwa.